Sahani ya Nauni

Mwalimu Magige amekufa mzee kabisa, kitandani kwake, watoto wakiwa wamemzunguka, na kwenye mazishi yake hapo Tarime watu walipokezana kipaza sauti kusema kwamba bila yeye vijana wa Mara tusingejua Kiingereza. Mmoja mwenye tai nyekundu, ambaye enzi hizo hata hakuwa amezaliwa, alisema marehemu alikuwa na mbinu yake ya kufundisha sarufi, na kwamba mwanafunzi akishaipata haimtoki maisha yake yote. Hapo alisema kweli. Haijanitoka. Mama mmoja aliniletea wali wa msiba nikamrudishia, nikamwambia nimeshiba, kumbe ni kinyaa. Petro, shemeji wa marehemu, alikuwa amekaa kando yangu, fimbo kati ya magoti, mzee kama mimi. Akanigusa kiwiko. "Umesikia? Wanaiita mbinu." Nikamwambia nimesikia, masikio bado ninayo. "Watakuita useme neno," akasema. Nikamjibu wasithubutu, maana nikifungua mdomo hapo watazika mara mbili.

Sitasimulia nilizaliwa na nani wala baba alikuwa na ng'ombe wangapi. Hayo waulizeni wa Robanda, wanayajua kuliko mimi. Nianzie bwenini. Lilikuwa jengo refu la matofali mabichi juu ya kilima, upande wa Tarime, katika shule ya kati ambayo sitaitaja jina kwa sababu matofali hayana kosa. Ndani mlinuka mafuta ya taa, blanketi zilizokojolewa na miguu ya vijana wasio na viatu. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama wenye mchanga, ukitafuna unasikia kwenye meno. Jioni ugali wa muhogo na maharage ambayo wadudu walishayala kabla yetu. Mimi niliyekulia nyama ya porini, mwaka wangu wa kwanza nililia kila nikiona lile sufuria. Lakini mtu huzoea, na nilipofika darasa la nane nilikuwa namtoa mdudu kwa kidole nikiendelea na mazungumzo. Siyo hayo yaliyonipa kinyaa ninachokisema. Mdudu hana nia mbaya.

Mwalimu Magige alihamishiwa kwetu Januari ya mwaka ule, mwaka wetu wa mtihani, Uhuru ukiwa bado jambo la kunong'onezwa. Alikuwa Mkurya wa huko huko, kaptula yake imepigwa pasi mpaka mstari unakata, Kiingereza chake kimenyooka. Tukafurahi, wajinga sisi, tukasema huyu ni wetu. Siku ya kwanza aliandika ubaoni aina za maneno. Siku hizi wajukuu zangu wanasema nomino, kivumishi, kitenzi. Sisi tulisema nauni, ajektivu, vebu. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Nauni ni jina la mtu, la mahali au la kitu. Ajektivu hueleza nauni ikoje, na kwa Kiingereza hutangulia mbele ya nauni, si kama Kiswahili ambako hufuata nyuma. Vebu ni neno la tendo. Advebu husema tendo limefanyikaje. Pronauni husimama badala ya nauni. Tukarudia kwa sauti mpaka koo zikakauka. Kisha akaweka chaki chini, akapangusa vidole na kitambaa, akasema, "Neno usiloliishi halikai kichwani. Kuanzia leo kila mmoja wenu ni neno." Tukacheka. Yeye hakucheka.

Akatugawa. Watoto wa wachungaji na wa wakubwa wakawa nauni. Petro, mdogo wa mke wake, akawa nauni ya pekee, ile inayoandikwa kwa herufi kubwa, na kwa hiyo akapewa kitanda kikubwa karibu na dirisha. Wenye misuli wakawa vebu: kulima, kuchota maji, kupasua kuni. Nyuma yao waliwekwa maadvebu wenye fimbo, kazi yao kusema "haraka" na "vizuri" na "tena". Kila nauni akapewa ajektivu wake. Ajektivu alitangulia, akafuta benchi kabla nauni hajakaa, akatandika kitanda kabla hajalala, na nauni akishashiba, ajektivu aliosha sahani yake. Mimi nikawa pronauni wa Petro. Nilidhani nimepata kazi nyepesi, mpaka siku Petro alipochelewa gwaride na mwalimu akaita, "Pronauni!" Nikatoka mbele kama zuzu. Nikaambiwa nilale chini. Pronauni husimama badala ya nauni, basi na fimbo atazila badala yake, na tangu siku ile kila kosa la Petro lililipwa na makalio yangu. Petro alikuwa akiangalia pembeni huku anatafuna muwa. Nilimchukia, jamani! Nilimchukia hata alivyokuwa akimeza.

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, kivumishi ni nini?" Nikamjibu sawasawa bila kusita, na papo hapo puani nikasikia harufu ya maharage yaliyochacha. Hiyo ndiyo elimu niliyopewa. Wanaomsifu marehemu wanasema darasa letu lilizishinda shule zote za jirani kwa sarufi. Ndiyo, tulizishinda. Hata ng'ombe ukimchoma chapa ataikumbuka, lakini sijasikia mtu akiita kile chuma mwalimu.

Ajektivu wa Petro alikuwa rafiki yangu Marwa, wa Kewanja. Siku hizi ukisema Kewanja watu wanafikiria dhahabu. Wakati ule ilikuwa mashamba na ng'ombe na vumbi. Marwa alikuwa mrefu, mpole, na Kiingereza kilimwingia bila kelele. Alitaka kuwa tabibu. Alilisema hilo kama mtu anayesema kesho nitakwenda mtoni, bila kujisifu. Mkaguzi wa Kizungu aliyetutembelea tukiwa darasa la saba alimuuliza maswali mpaka akachoka yeye mwenyewe, akamshika mkono mbele yetu sote. Njia ya Marwa ilikuwa moja tu, nayo ni mtihani wa darasa la nane. Akiukosa, basi. Hakukuwa na mlango mwingine kwa mtoto wa Kewanja. Kwa hiyo aliosha sahani ya Petro kila jioni bila neno, akaipangusa, akaiweka juu ya rafu, kisha akarudi kwenye kitabu.

Likizo ya katikati ya mwaka ikaja, na mwaka ule kwa Wakurya ulikuwa mwaka wa saro, yaani jando. Marwa akaenda kwao akiwa omorisia, mvulana asiyetahiriwa, akarudi omomura, mwanamume. Kwa asiyewajua Wakurya, nimweleze. Kijana husimama mbele ya umati, anakatwa bila dawa, na hata kope hatakiwi kuichezesha. Akishapona hali tena na wavulana, wala hashiki chombo alicholia mvulana. Akikishika, wenzake wa saro hawatakula naye tena. Si kwa wiki wala mwezi. Atakula peke yake mpaka afe, na atakayezaa naye, watoto wao watatajiwa aibu hiyo. Marwa aliporudi hata mwendo wake ulikuwa umebadilika. Mimi wa Robanda, kwetu zamu yetu ilikuwa bado, nikamtania, "Sasa hata chai utakunywa na wazee?" Akatabasamu, lakini jioni ile alihamisha bakuli lake, akala amenipa mgongo.

Petro naye alikuwa bado hajatahiriwa. Baba yake mlokole hakutaka mambo ya saro. Baada ya kula, Petro alisukuma sahani yake mbele kama kawaida. Marwa hakuinuka. Mwalimu, aliyekuwa akitembea kati ya mabenchi, akasimama.

"Ajektivu. Sahani."

"Mwalimu, nimetoka saro," Marwa akasema kwa heshima, macho chini. "Nitafyeka, nitachota maji, nitalima shamba lako. Sahani siwezi."

"Hapa hakuna saro. Hapa kuna sarufi."

"Mwalimu, wewe unajua."

Mwalimu akaichukua ile sahani, ikiwa na ugali umegandia na mchuzi, akaiweka juu ya rafu. "Itamsubiri mwenyewe," akasema. "Hakuna mwingine wa kuigusa kwa maji. Petro atalia humo humo. Na wewe Marwa, siku utakayoiosha ndiyo siku jina lako litakwenda kwenye mtihani."

Tukaona ni maneno ya hasira yatakayopita. Hayakupita. Kesho yake Petro alipakuliwa juu ya makombo ya jana, na kesho kutwa juu ya makombo ya juzi. Mwalimu alikuja kila jioni kuikagua ile sahani. Aliinama, akainusa kabisa, akamtazama Marwa, akaondoka. Baada ya wiki chache ilikuwa na ukoko mweusi pembeni na ukungu wa kijani, na inzi walikuwa wameifanya kwao. Petro alijaribu kula katikati tu, kwa ncha za vidole. Akaanza kuharisha. Yule mtoto wa kudeka akakonda, macho yakaingia ndani, na mimi niliyekuwa nikimchukia nikajikuta namgawia ugali wangu mkononi mwalimu akigeuka. Mwalimu mzima, mwenye mke na watoto, anakaa kutazama mdogo wa mkewe akila uozo ili amvunje mtoto wa mtu mwingine! Mfyuu! Nimeona mengi baadaye, nimeona vita na nimeona siasa, lakini bado sijaona kitu kichafu kuliko ile sahani.

Nilikuwa nampelekea kuni mke wa mwalimu, dada yake Petro, na siku moja nikiwa nje ya jiko lake, nyuma ya ukuta wa fito, niliwasikia wakisemezana kwa Kikurya, ambacho nilishakielewa vya kutosha.

"Baba Robhi," mkewe akasema, "ulipotoka saro wewe, hata kijiko cha mdogo wako ulikataa kukishika. Mama yako kanisimulia. Leo unamtaka mtoto wa watu aoshe sahani ya Petro?"

Mwalimu akacheka kidogo. Kicheko cha mtu aliyeshiba. "Ndiyo maana namtaka aoshe."

"Sikuelewi."

"Sahani isiyomgharimu mtu kitu nani hawezi kuiosha?"

Niliweka kuni chini polepole nikaondoka bila kubisha hodi. Kumbe alijua. Mpaka saa ile nilikuwa nikidhani labda usomi umemsahaulisha mambo ya kwao. Nilimweleza Marwa tukiwa shambani, nikitegemea atakasirika. Alisimamisha jembe, akasema, "Angekuwa hajui ningemweleza," kisha akaendelea kulima.

Mwezi wa nane yule mkaguzi wa Kizungu alipita. Siku hiyo Marwa alitumwa kufuata unga mjini akiwa na punda, akarudi jua limezama, mgeni keshaondoka. Tuliwaona mwalimu na Mzungu wakizungumza barazani, Mzungu akitikisa kichwa kwa masikitiko, mwalimu akitikisa naye. Hatukusikia kitu. Jioni mwalimu akaja bwaloni amechangamka. "Marwa," akasema, "mtihani uko palepale na sahani iko palepale. Ni wewe tu."

Kisha akaja na akili nyingine. Akampakia Petro kwenye baiskeli, akampeleka hospitali akatahiriwe kule, kwa sindano ya ganzi, na baada ya siku chache akamrudisha juu ya chuma kile kile, kwenye barabara ya mawe, mtoto akilia njia nzima. Akamsimamisha mbele ya Marwa huku miguu imeachana. "Haya. Mwanamume huyu. Osha." Wanafunzi wa Kikurya wakaangua kicheko, nami nikacheka, maana hata Mwikoma kama mimi anajua kwamba aliyekatwa amechomwa sindano hajatoka saro; kwao huyo ni mgonjwa tu aliyepasuliwa. Mwalimu naye alilijua hilo vizuri. Marwa peke yake hakucheka. Akasema, "Mwalimu, umemwumiza bure."

Kidonda cha Petro kikaharibika. Kutikiswa na baiskeli, uchafu wa bweni, njaa, vyote vikamwangukia. Harufu ilitufukuza, tukavuta vitanda mpaka ukuta wa pili, na mchungaji wetu wa nauni zote, mwalimu, alifika mlangoni, akaziba pua na kile kitambaa chake, akasema atapona. Marwa ndiye aliyechemsha maji na chumvi. Alipiga magoti mbele ya Petro asubuhi na jioni, akamwosha usaha kwa upole, akamfundisha kulala namna gani, kufunga namna gani, kama alivyofundishwa yeye. Mimi nilishika bakuli nimegeuza uso. Petro alikuwa akilia kwa aibu. "Sahani yangu umekataa," akamwambia, "na huku unanishika."

"Kidonda ni chako," Marwa akamjibu. "Sahani ni ya mwalimu."

Petro alipona. Lakini hakuwa tena yule wa muwa.

Asubuhi ya mtihani tulipangwa mstari mbele ya darasa, kalamu mkononi. Kwenye kizingiti mwalimu alikuwa ameweka beseni la maji, na pembeni ile sahani, nyeusi, imepasuka ukoko kama matope ya kiangazi. "Marwa," akasema kwa sauti laini, karibu ya kubembeleza, "maji haya, na mlango ule. Mkaguzi yuko njiani. Osha uingie." Marwa alisimama akiitazama. Nilitamani aoshe, nasema kweli, nilitamani aoshe tu yaishe, maana niliuona utabibu wake umesimama pale nyuma ya beseni. Mkono wake mmoja ulifunguka, ukajifumba tena. Halafu akasema, "Siwezi, mwalimu."

Petro akatoka kwenye mstari. Alichuchumaa, akaitumbukiza sahani majini, akaanza kuisugua kwa mchanga na majani. "Yangu," akasema. "Nimelia humo mimi, naosha mimi." Mwalimu akapiga kelele, "Pronauni!" na mimi, kwa mazoea mabaya ya mwaka mzima, magoti yakaanza kupinda yenyewe. Petro akanishika mkono. "Mwache. Mimi nipo hapa." Akalala chini mwenyewe. Fimbo ilikuwa imeshainuka tuliposikia gari la mkaguzi linapanda kilima. Mwalimu akaitupa nyuma ya maua, akaweka sura ya kanisani, akaenda kupokea mgeni.

Mzungu alishuka na mfuko uliofungwa lakiri, akasalimia, macho yake yakamwangukia Marwa. Akakunjua uso. Alichosema alikisema kwa Kiingereza, na sote tulikielewa neno kwa neno, ndiyo faida ya sarufi. "Wewe! Mwalimu wako aliniambia mwezi wa nane kwamba umeacha shule, umeoa. Nilisikitika sana. Kama ningejua ningekuletea karatasi."

Petro alikuwa bado na mchanga shavuni. Marwa alimgeukia mwalimu, akasema kwa Kikurya, taratibu, kama mtu anayehakikisha hesabu, "Kwa hiyo hata ningeosha." Mwalimu alimtabasamia Mzungu, ambaye hakujua Kikurya. Ndipo Marwa akamtazama mkaguzi, akamwambia kwa Kiingereza kizuri, "Bwana, mimi sijaoa."

Mzungu alimtazama Marwa, akamtazama mwalimu, halafu akatazama saa yake. "Tuanze," akasema.

Tukaingia. Kupitia dirishani nilimwona Marwa akiteremka kilima na sanduku lake kichwani, mgongo umenyooka, anarudi Kewanja alikokuwa bado na wa kula naye. Angeosha, angekosa mtihani na angewakosa na hao. Mwalimu Magige alilijua hilo tangu mwezi wa nane, na bado kila jioni alikuja, akainama, akainusa ile sahani.